Spagnuolo apewe timu yake au abaki na difensi?

Kila msimu wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ukiisha mjadala ni ule ule, Steve Spagnuolo apewe ukocha mkuu tena au abaki hapo Kansas City Chiefs kama kocha wa difensi, yaani upande wa kuzuia. Wanaomtetea wana hoja nzito jamani. Pete 4 za ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi, kama kocha wa difensi, 3 na Chiefs na moja na Giants, na hiyo ya Giants ndo balaa lenyewe, maana Patriots walikuja Februari 2008 wakiwa wameshinda 18 bila kupoteza, jamaa akawaachia walinzi wake kina Strahan na Tuck, mrushaji wa Patriots Tom Brady akaangushwa chini mara 5, mechi ikaisha 17-14.

Sasa geuza upande wa pili. Rams walimpa timu 2009, miaka mitatu kashinda 10 kapoteza 38. Utasema aliikuta mbovu, sawa, ila ofensi yake, upande wa kushambulia, ilishika mkia ligi nzima kwa pointi 2009 na tena 2011. Halafu 2012 akaenda Saints, kazi ile ile anayoijua, wakaruhusu yadi 7,042, ligi haikuwahi kuona, akafukuzwa. Najua kocha mkuu Sean Payton alikuwa kafungiwa mwaka mzima na kambi imevurugika, lakini yadi elfu saba bwana!

Kuna wanaosema anabebwa na Mahomes, mrushaji nyota wa Chiefs. Hapo nakataa. Msimu wa 2023 ofensi ya Chiefs ilisuasua kweli kweli, difensi ndo ikawavusha, Ravens wakiwa kwao na mrushaji wao Lamar Jackson wakaambulia pointi 10.

Raha yake uione Januari 2025 na Bills. Chiefs wako mbele 32-29, zimebaki kama dakika 2, Bills wana dauni ya nne, yaani jaribio la mwisho, wanahitaji yadi 5, makocha wengi hapo wanarudisha watu nyuma, yeye akamtuma beki wa pembeni amvamie mrushaji Josh Allen, Allen akaurusha mpira huku anarudi nyuma, mpokeaji Kincaid ukamponyoka mikononi. Angeudaka leo tungekuwa tunamtukana Spagnuolo.

Kamari kama hiyo inawezekana kwa sababu ofensi, waandishi na makelele ya matajiri yote yanaishia kwa kocha mkuu Andy Reid. Mimi ningekuwa na timu ningemlipa hela ya kocha mkuu kabisa, ila funguo za ofensi asiguse.