Afande, watoe watoto mstarini uwapeleke barabarani

Picha zimeanza kuzunguka tena kwenye magrupu. Askari wa usalama barabarani, shati jeupe limenyooshwa vizuri, kipaza sauti mkononi, na mbele yake shule nzima imesimama mstarini juani. Maelezo chini ya picha hayabadiliki: wanafunzi wapatiwa elimu ya usalama barabarani. Nusu saa, nyimbo mbili, makofi, kisha gari la polisi linaelekea shule inayofuata. Inaniuma kuziona, kwa sababu mchana watoto hao hao watasimama kando ya lami hapa Mwanza, pale Nyegezi, Nyakato au Igoma, wakiwa na wimbo kichwani na hawajawahi kuvushwa hata mara moja na mtu anayejua kufundisha kuvuka.

Siwalaumu askari kwa kwenda shuleni. Trafiki ni wachache, shule ni nyingi, na Wiki ya Nenda kwa Usalama ni bora kuliko kimya. Wengi wao wanawapenda watoto kwa dhati na huonekana usoni. Ninachogombana nacho ni mahali wanaposimama. Somo la barabara halifundishiki uwanjani kwa kipaza sauti. Linafundishwa ukingoni mwa barabara ile ile mtoto anayoivuka, watoto kumi au kumi na wawili kwa zamu, kila mmoja akivuka kwa miguu yake huku mtu mzima akimwangalia macho yanakwenda wapi.

Tuanze na wimbo wenyewe. "Tazama kulia, kushoto, kulia tena." Maneno ni sahihi kabisa. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari la kwanza kukufikia ukishuka kutoka ukingoni linatokea kulia kwako. Sasa angalia kinachotokea mstarini. Afande amewaelekea watoto, ananyoosha mkono wake wa kulia na kusema "kulia!" Watoto wanamfuata kwa macho, hasa wale wadogo wa mbele, nao wananyoosha mkono ulio upande ule ule wanaouona, yaani wa kushoto. Darasa la kwanza wote wanaimba kulia wanageukia kushoto, na hakuna anayewasahihisha kwa sababu sauti ni nzuri. Dawa yake haina gharama: geuka uwape mgongo, mtazame upande mmoja, kisha fundisha. Na uwaambie kwa nini kulia ndiyo inaanza, maana mtoto aliyeelewa sababu hasahau hata akikimbizwa na mvua.

Hata akigeuka upande sahihi, bado kuna kasoro kubwa zaidi. Anageuza shingo, haoni. Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi kwa kawaida hawezi kukadiria vizuri mwendo wa gari. Anaona gari lipo "mbali" na kwake mbali ni mbali tu, liwe linakwenda kilomita 30 kwa saa au 80. Hapo ndipo hesabu inapohitajika, na askari wa trafiki ndiye mtu sahihi wa kuifanya.

Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, kikomo cha mijini, linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Lami ya njia mbili ina upana wa mita 7 hivi, na mtoto anayetembea bila kukimbia anahitaji sekunde 7 kuimaliza. Zidisha: gari limeshakula karibu mita 100. Kwa mwendo wa kilomita 80, ambao kila mkazi wa Buhongwa anaufahamu, ni zaidi ya mita 150. Usitegemee dereva afunge breki, kwa sababu hata kwa kilomita 50 kwenye lami kavu anahitaji mita 28 hivi tangu amwone mtoto hadi asimame, na mvua ikinyesha anahitaji zaidi.

Mtoto wa darasa la pili hajui mita 100 ni nini. Lakini anaujua mwembe, anajua nguzo, anajua kibanda cha M-Pesa. Kwa hiyo afande na mwalimu wa zamu watoke na futi kamba, wasimame pale watoto wanapovukia, wapime mita 100 upande wa kulia na 100 upande wa kushoto, na kama magari hapo yanakimbia wapime 150. Kilichopo kwenye kipimo kiwe ndiyo alama. Kama hakuna kitu, pakeni jiwe chokaa. Mawe Mwanza hatujawahi kupungukiwa. Kanuni inakuwa nyepesi: gari likiwa limeshaupita mwembe, subiri. Pikipiki nayo ni gari. Na kama ukisimama hapo huoni hiyo mita 100 kwa sababu ya kona au mlima, basi hapo hapavukiki, na watoto wahamishiwe sehemu nyingine hata kama watazunguka kidogo.

Hilo ndilo somo la kwanza, na linachukua asubuhi moja kwa shule moja. Alama zikishawekwa, mwalimu wa zamu anaendelea nazo mwaka mzima bila askari.

Somo la pili ni daladala. Mtoto anashuka, konda anagonga bodi, na mtoto anapita mbele ya gari ili avuke kabla halijaondoka. Dereva akiwa amekaa juu hamwoni mtoto mfupi aliye karibu na bampa. Lakini hatari kubwa zaidi ni bodaboda au gari dogo linaloovateki upande wa kulia wa daladala iliyosimama. Mtoto anachomoza ghafla, na aliyeko kwenye usukani anamwona akiwa amebakiwa na mita mbili tatu. Kupita nyuma si suluhisho, maana nako huoni yanayokuja kutoka upande wa pili. Fundisha jambo moja tu: ukishuka, rudi hatua tatu kutoka lami, simama, iache daladala iondoke, ndipo uanze kutazama. Na ufundishe kwa kuleta daladala halisi, iegeshwe, mtoto mmoja mmoja apande kwenye kiti cha dereva ajionee kwamba mwenzake aliyesimama mbele ya bampa amepotea. Dakika hiyo moja mtoto hataisahau.

Penye njia nne, kama barabara ya kwenda uwanja wa ndege, zebra ina mtego wake. Gari la njia ya kwanza linasimama kwa uungwana, mtoto anashukuru, anakimbia, na gari la njia ya pili halikumwona kwa sababu lile lililosimama limemkinga. Avuke hadi usawa wa ubavu wa mbali wa gari lililosimama, asite, achungulie, ndipo amalizie. Madaraja ya waenda kwa miguu pale Mabatini na Furahisha yamesaidia, nakubali, ila shule nyingi haziko Mabatini wala Furahisha.

Sasa baiskeli, na hapa ndipo somo la mstarini linapoleta madhara kabisa. Watoto wanaambiwa, kwa usahihi, kwamba pasipo na njia ya waenda kwa miguu watembee upande wa kulia ili wayaone magari yanayowajia. Kisha mtoto yule yule anatumwa na baiskeli ya baba yake naye anapanda upande wa kulia, uso kwa uso na magari. Hakuna aliyemwambia kwamba baiskeli ni chombo, inakaa kushoto pamoja na vyombo vingine. Ukikutana na gari mkielekeana, mwendo wenu unajumlishwa, na dereva anayetoka barabara ya pembeni hategemei kitu kije kutoka upande huo. Kama lazima kuwe na wimbo, uwe huu: miguu kulia, magurudumu kushoto.

Na tuseme ukweli kuhusu baiskeli zenyewe. Kanda hii, kuanzia Kisesa na Magu hadi Misungwi, mtoto hana baiskeli yake. Anapanda ya nyumbani: gurudumu la inchi 28, bomba la juu, breki za vyuma, keria kubwa nyuma. Asiyefika kwenye kiti anapitisha mguu katikati ya fremu na kuendesha akiwa ameinama upande. Ni ustadi, sikatai, na njia ya kijijini inaupokea. Kwenye lami ni hatari, kwa sababu hawezi kushusha mguu haraka na hawezi kuikaba breki kwa nguvu. Kipimo cha afande kiwe hiki: akikaa kwenye kiti, ncha za miguu yote miwili ziguse chini. Kama hazigusi hata kiti kikishushwa chote, baiskeli hiyo anaisukuma akifika lami.

Ukaguzi ufanywe na mtoto mwenyewe, si afande. Abane breki ya mbele asukume baiskeli mbele. Gurudumu likizunguka, breki imekufa. Arudie kwa ya nyuma. Raba za breki ziguse rimu pande zote mbili kwa pamoja, zisiguse tairi. Abonyeze tairi kwa dole gumba. Likibonyea kirahisi, lijazwe upepo. Asimame mbele, abane gurudumu kwa magoti, ajaribu kuzungusha usukani. Ukizunguka peke yake, nati ya shingo imelegea na siku moja atageuza mkono gurudumu libaki lilipo. Mnyororo ukiuinua kwa kidole katikati uchezeke sentimita moja hadi mbili, ukizidi hapo unaruka. Sketi ya sare, sweta lililofungwa kiunoni na kamba ya begi vyote vikae mbali na spoku.

Rimu za chuma zikilowa, breki zinateleza. Huku kwetu njia nyingi zinashuka kutoka milimani kati ya mawe, kisha zinaingia moja kwa moja kwenye lami ambako mvua imeacha mchanga. Mtoto anafika chini akiwa na mwendo, anabana breki, haziumi, na tairi linaserereka kwenye mchanga. Afundishwe kugusagusa breki mapema ili rimu ikauke, na hatua kumi kabla ya lami ashuke asukume. Akiwa na dumu la lita 20 kwenye keria ni kilo 20 nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi na kuyumba, hasa akipanda mlima. Dumu mbili, asipande kabisa. Mshikaki, yaani kupakiana watu kadhaa, hauhitaji maelezo.

Uwanja wa shule ufae kwa hili, na si kwa hotuba. Chora kwa chokaa njia ya upana wa sentimita 40 na urefu wa mita 10, mtoto apite polepole kadiri awezavyo bila kutoka. Anayeweza kwenda polepole ndiye anayeimudu baiskeli. Panga chupa sita zilizojazwa mchanga, mita moja na nusu kati yake, azungukezunguke. Kisha zoezi lenye thamani kuliko yote: mtoto anaendesha kwa mstari mnyoofu, afande yuko nyuma yake ananyoosha vidole, mtoto anageuka juu ya bega la kulia na kutaja idadi bila kuyumba. Wengi mara ya kwanza watavutika kulia pamoja na shingo, yaani ndani ya barabara. Ndiyo maana lifanyike uwanjani, lirudiwe mpaka usukani utulie, ndipo afundishwe kunyoosha mkono kuonyesha anakokata kona.

Kofia ngumu? Zikipatikana ni vema. Madereva? Wiki hiyo hiyo askari wa pili asimame kwenye zebra ya shule na kitabu cha faini.

Giza nalo lisisahaulike. Mwanza tuko magharibi, miezi mingi jua halijatoka kabla ya saa 12:30 asubuhi, na watoto wako njiani tangu saa 12. Shati jeupe lingewasaidia, lakini limefunikwa na sweta la bluu iliyoiva. Kipande cha utepe unaong'aa, urefu wa kiganja, kishonwe nyuma ya begi na kingine kifungwe kwenye keria.

Na tafadhali, msisubiri Wiki ya Nenda kwa Usalama. Darasa la kwanza wanaanza Januari, wengi wakiwa hawajawahi kuvuka lami bila kushikwa mkono. Wiki ya kwanza ya muhula ndiyo ya kwenda na futi kamba, chokaa na chupa za mchanga, na mzazi anayeleta mtoto asubuhi abaki nusu saa auone mwembe uko wapi.