Kinda la pengwini halisemi uongo, ila halisemi yote

Mvuvi wa jodari akiona ndege wanapiga mbizi, hugeuza chombo. Watafiti wa Afrika Kusini nao huwauliza ndege habari za bahari, ila wao huchungulia viotani. Makinda ya pengwini yakikomaa machache, hushuku kwamba sadini na dagaa mcheli wameadimika karibu na kisiwa.

Watetezi wa pengwini husema uvuvi ndio unaowanyima chakula, na kiota ndicho shahidi wao. Wenye meli za uvuvi wanasema ushahidi huo ni mwembamba, na hawajakosea kote. Kinda hufa kwa mengi. Mbolea ya ndege iliyorundikana visiwani ilikwanguliwa ikauzwa, na pengwini waliozoea kuchimba mashimo humo wakabaki kutaga juani. Mvua hujaza viota maji. Mwaka 2000 mafuta ya meli ya Treasure yaliwapaka pengwini wapatao 19,000. Hakuna wavu uliohusika hapo.

Lakini mtazame mzazi mwenyewe. Mayai ni mawili. Mmoja analinda, mwenzake anakwenda kutafuta. Kuruka hawezi, kwa hiyo samaki wakisogea mbali hana namna ya kuwafuata na kurudi kwa wakati. Tena ni ndege wa kuishi miaka mingi: njaa ikizidi hujiokoa yeye, makinda huyaacha. Ndiyo maana kiota hutoa habari mapema, wakati wakubwa bado wanaonekana wengi ufukweni.

Sasa ile tarakimu inayochekwa. Kuanzia 2008 uvuvi ulifungwa na kufunguliwa kwa zamu kuzunguka visiwa vinne. Jopo la kimataifa likapima matokeo mwaka 2023: kwa visiwa vya Dassen na Robben, kufunga kunaongeza kasi ya kukua kwa idadi ya pengwini kwa asilimia 0.71 hadi 1.51 kwa mwaka. Kiduchu, wakasema wengine. Haya, tupige hesabu. Kwa miaka kumi, penye jozi 100 bila ulinzi pangekuwa na 107 hadi 116. Kwa ndege aliyebakiwa na jozi zisizofika 10,000, aliyetangazwa mwaka 2024 kuwa hatarini mno kutoweka, hizo si za kudharau. Na zinapatikana kwa kusogeza meli tu, kabla hujagusa jua wala mafuriko.

Kosa la watetezi wa pengwini, nami nikiwa mmoja wao, ni kushangilia makinda yakinenepa. Mzazi akimaliza kulea ana kazi nyingine: kubadili manyoya. Wiki tatu hivi hukaa nchi kavu bila kula, kwa sababu manyoya mapya hayajaanza kuzuia maji. Asiyejaza mafuta mwilini kabla ya hapo hufa, hata kama makinda yake yalitoka salama. Machi 2025, mahakamani Pretoria, wavuvi na wahifadhi walikubaliana mipaka mipya ya kuvua kuzunguka makoloni sita. Mwenye kuipima mipaka hiyo ahesabu makinda, kisha arudi wakati wa manyoya, amwangalie aliyesimama ufukweni amekonda kiasi gani.