Mti mrefu peke yake hauzuii mmomonyoko

Kuna makala imesema tupande miti Uporoto (Mbeya) na Mufindi (Iringa), mmomonyoko wa udongo utakwisha. Inategemea kilicho chini ya mti. Majani hushika sehemu ya mvua, nayo hurudi hewani kama mvuke. Kwenye manyunyu maji mengi hupungua hivyo, kwenye mvua kubwa kidogo sana. Maji yanayobaki hukusanyika kwenye ncha za majani na kudondoka kama matone makubwa, ya milimita 5 hivi. Tone hilo likianguka kutoka mita 8 au 9, linafika chini karibu na kasi yake ya juu kabisa, kama mita 9 kwa sekunde. Kwa hiyo chini ya mkaratusi uliofagiliwa majani kwa ajili ya kuni, udongo hupigwa vibaya kuliko hata shamba tupu. Chembe hurushwa, vitundu vinaziba, ganda linajitengeneza, maji yanateremka badala ya kuzama. Chai iliyofunga vizuri, yaani majani yamegusana na kufunika udongo, haina shida hiyo maana tone linaanguka kutoka kimo kisichofika mita moja.

Kwenye mahindi na viazi hatari ni Novemba na Desemba, mmea ukiwa bado mdogo. Msichome mabua, ndiyo yanayofunika udongo! Pimeni hivi: kamba ya mita 10 yenye alama kila sentimita 20 (alama 50), ilazwe kukatiza mistari kimshazari. Hesabu alama zinazogusa mabua, zidisha mara 2: hiyo ndiyo asilimia ya udongo uliofunikwa. Chini ya 30, ongeza matandazo. Na matuta ya viazi yanayoshuka na mteremko yageuzwe yakatize mteremko, yakishuka hivyo ni mifereji tu.