Kabla Hujamwambia Apunguze Kula

Kuna ushauri mmoja ambao kila mtu mnene ameusikia mpaka umemchosha: kula kidogo, fanya mazoezi. Huutoa ndugu, huutoa mfanyakazi mwenzake, na wakati mwingine huutoa daktari ambaye hata hajainua macho kwenye karatasi zake. Ushauri wenyewe si wa uongo. Ila ukitangulia kabla ya swali hata moja kuulizwa, humnyamazisha mtu ambaye pengine amekuja na dalili za maradhi yanayopimika na yenye dawa. Jambo hilo linaniudhi, na nimeliona likitokea mara nyingi mno.

Tuanze na njaa, maana tumezoea kuisema kama tabia. Anayeivumilia tunamsifu, anayeshindwa tunamwita mlafi. Kumbe njaa ni ujumbe, na wajumbe wake ni homoni. Mwaka 1994 watafiti wakiongozwa na Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua jeni ya homoni iliyokuja kuitwa leptini. Leptini hutengenezwa na mafuta yenyewe ya mwili, kisha husafiri katika damu hadi ubongoni kupeleka habari kwamba akiba ipo, hakuna haja ya kula zaidi. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini. Watoto hao hawakushiba. Walinenepa vibaya tangu wakiwa wadogo kabisa. Mmoja wao, msichana wa miaka 9, alipoanza kuchomwa sindano za leptini, hamu yake ya chakula ilitulia, na ndani ya mwaka mmoja alipungua zaidi ya kilo 16. Hakuna aliyemfundisha kujizuia. Alipewa homoni aliyoikosa, basi.

Upungufu wa aina ile ni nadra sana, na sitaki mtu asome habari hiyo akadhani ndiyo hali yake. Watu wengi wanene wana leptini tele. Shida ni kwamba ubongo wao hauisikii vizuri. Ni kama kupiga hodi kwenye nyumba yenye redio iliyofunguliwa kwa sauti ya juu kabisa. Ndiyo maana sindano za leptini hazikuwa tiba ya unene kama wengi walivyotumaini miaka ile. Lakini msichana yule alitufundisha jambo ambalo halifutiki: kiasi mtu anachotamani kula hakiamuliwi na nia yake peke yake.

Upande wa pili kuna grelini, homoni iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, itokayo hasa tumboni, ambayo hupanda kabla ya mlo na kuamsha njaa. Usingizi huigusa moja kwa moja. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wenye afya kwa saa 4 tu, usiku mbili mfululizo, wakawalinganisha na siku walizopewa saa 10 kitandani. Walipolala kidogo, leptini yao ilishuka kwa asilimia 18 na grelini ikapanda kwa asilimia 28, na wenyewe wakasema njaa imezidi. Ulikuwa utafiti mdogo wa vijana wa kiume tu. Hata hivyo, ninapomfikiria mama mwenye mtoto mchanga au mlinzi wa zamu ya usiku, siwezi tena kumuuliza kwa nini hajizuii.

Sasa nije kwenye maradhi yenyewe, na lile ambalo naona limetelekezwa kuliko yote ni lile linaloitwa PCOS, hitilafu ya homoni inayovuruga kazi ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke. Linampata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya walio nalo duniani hawajui kwamba wanalo. Kwa wengi wao kiini cha tatizo ni usugu wa insulini. Insulini ni homoni ya kongosho inayosaidia sukari iingie kwenye seli, na papo hapo huzuia mafuta yaliyohifadhiwa yasivunjwe. Seli zikiwa sugu, kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi zaidi. Insulini hiyo ikizidi huchochea ovari zitengeneze testosteroni, homoni ya kiume, kupita kiasi, na hapo ndipo hedhi hupotea miezi kadhaa, ndevu huota kidevuni, chunusi hugoma kuondoka, na mafuta hujaa kiunoni. Mafuta ya kiunoni nayo huongeza usugu wa insulini, na mambo huanza upya. Mwanamke amenaswa ndani ya mzunguko huo, halafu anaambiwa amejiachia.

Wengine huwa na weusi mzito shingoni au kwapani. Wanausugua kwa sabuni na dodoki mpaka ngozi inauma, na watu wa nyumbani wanadhani haogi. Ule si uchafu. Mara nyingi ni alama ya insulini iliyozidi, na mtaalamu aliye makini angeitambua kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Ninawajua wanawake waliozunguka kliniki miaka mingi wakipewa karatasi ileile ya vyakula, bila kuulizwa hata siku moja hedhi yao ikoje. Swali hilo halihitaji mashine. Na wakigundulika, kuna cha kufanya: kupunguza hata asilimia 5 ya uzito kunaweza kurudisha hedhi kwa baadhi yao, na wengine husaidiwa na metfomini, dawa ya kisukari inayopunguza usugu wa insulini. Chakula bado kina nafasi yake, lakini sasa mgonjwa anajua anapambana na nini.

Kuhusu tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, nitasema jambo ambalo halitawafurahisha wengi. Ni kweli ikizembea, mwili hupunguza kasi yake: uchovu, baridi wakati wenzako wanatokwa jasho, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito. Lakini uzito unaoongezwa na tezi hiyo peke yake kwa kawaida huwa kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi. Aliyeongezeka kilo 30 asiishie hapo. Kuna jingine la kutafutwa. Kipimo cha damu cha TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, ndicho huanza kutoa jibu, na levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi kinachomezwa tumbo likiwa tupu, hurudisha kiwango mahali pake. Anayeimeza dawa hiyo ili apungue tu, ilhali tezi yake ni nzima, anauhatarisha moyo na mifupa yake.

Kotisoli, homoni ya msongo itokayo kwenye tezi za juu ya figo, nayo hutajwa sana siku hizi, kila kitambi kinaitwa cha msongo wa mawazo. Kotisoli inapozidi kikweli, sura ya mtu hubadilika kiasi cha kutambulika: uso huvimba na kuwa wa duara, mafuta hujaa tumboni na nyuma ya shingo, mikono na miguu inakonda, michirizi ya zambarau hutokea tumboni, ngozi huvilia damu kwa kuguswa kidogo. Daktari Harvey Cushing aliieleza hali hii mwanzoni mwa karne ya 20 na sasa inabeba jina lake. Chanzo chake kikubwa leo ni dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, zikitumiwa muda mrefu. Hata krimu kali za steroidi, zile ambazo baadhi ya watu hujipaka kila siku ili kung'arisha ngozi, huweza kupenya na kuleta madhara hayohayo. Mtu akishuku kwamba dawa ndiyo inayomnenepesha, aende kwa daktari ampunguzie taratibu. Kuikata ghafla ni hatari, kwa sababu tezi za juu ya figo zinakuwa zimelala, na mwili bila kotisoli kabisa unaweza kuzimia na hata kufa.

Kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi, kushuka kwa estrojeni, homoni ya kike, huhamisha mafuta kutoka mapajani kwenda tumboni, hata pale ambapo mizani haijasogea sana. Kwa wanaume, testosteroni ndogo na kitambi huvutana: kila kimoja humzidisha mwenzake.

Katikati ya haya wamejitokeza wauzaji wa chai za kusawazisha homoni na vidonge vya kusafisha tezi. Hawa nawapinga waziwazi. Homoni haisawazishwi kabla hujajua ni ipi, imepanda au imeshuka, na kwa sababu gani. Anayekuuzia chupa moja kwa thairoidi, insulini na estrojeni kwa pamoja hajakupima chochote. Wanachokivuna ni uchungu wa watu waliopuuzwa kwenye chumba cha daktari, na sisi tuliowapuuza ndio tuliowasukuma huko.

Tena lipo la wale waliopungua kisha uzito ukarudi. Utafiti uliofanyika Melbourne na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu waliopunguza uzito kwa mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye leptini yao ilikuwa bado chini, grelini bado juu, na njaa yao bado ilizidi ile waliyokuwa nayo kabla ya kuanza. Mwili ulikuwa unadai kilo zake. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hana msimamo ni kumwonea. Anahitaji kufuatiliwa miaka, jinsi tunavyomfuatilia mwenye shinikizo la damu.

Kwa hiyo ukienda kliniki kwa sababu ya uzito, nenda na maandishi. Andika uzito ulianza kupanda lini na kwa kasi gani. Andika kila dawa, sindano ya uzazi wa mpango na krimu unayotumia, maana dawa kadhaa za akili, za kisukari na za uzazi wa mpango huongeza uzito kwa baadhi ya watu. Andika tarehe za hedhi, saa unazolala, na kama usingizini unakoroma kiasi cha kushtuka. Omba uelezwe vipimo gani vinahitajika kwa dalili zako na vipi havihitajiki, kwa sababu si kila mtu anafaa kupimwa kila homoni. Na ukiyatoa hayo yote mezani, kisha mtu yule akakujibu tu kwamba upunguze kula, muulize amesoma nini katika ulichomwandikia. Asipokuwa na jibu, peleka karatasi yako kwa daktari mwingine.