Dada wa duka la dawa, niulize kwanza kama nimelewa

Jumapili asubuhi kaa nusu saa tu kwenye duka la dawa lolote mtaani utaona ninachosema. Mtu anakuja macho mekundu, "dada nipe panado sita na diklo mbili", dada anashika mkasi, anakata, anatia kwenye kibahasha, anaandika 2x3 kwa peni, kwisha. Boksi na karatasi yake ya maelezo vinabaki shelfu, na onyo la pombe limo humo humo! Marekani walishalazimisha tangu 1998 dawa za maumivu za dukani ziandikwe kwamba kama unapiga glasi tatu au zaidi kila siku muone daktari kwanza. Sisi tutasomea wapi na tunauziwa vidonge vya kukatwa?

Aliyekunywa bia mbili jana akameza panado mbili leo sina ugomvi naye. Naongelea sisi wa kila siku. Panado, yaani paracetamol, inasagwa na ini, kipande kidogo kinageuka sumu na ini lina kinga ya kuizima, sasa mnywaji wa kudumu sumu hiyo inatengenezwa nyingi zaidi na kinga nayo imepungua, na kama jana hukula ndo balaa kabisa. Mtu mzima mwisho ni vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, mnywaji sana madaktari wengi wanamshusha hadi vinne, na jumlisha na dawa ya mafua maana nyingi zina paracetamol ndani. Ubaya hushtuki mapema, unaweza kumaliza siku nzima uko poa tu huku ini linaharibika.

Utasikia "bora diklo basi, au brufen". Bora ya wapi? Hizo na aspirini zinakwangua tumbo ambalo pombe imeshalikwangua usiku kucha. Mwaka juzi baada ya harusi nilimeza diklo mbili bila kula kitu, kesho yake choo cheusi kama lami, nikasingizia supu ya utumbo. Kumbe kidonda kinavuja damu. Swali la kwanza la daktari: ulikunywa pombe? Dukani hakuna aliyeniuliza.

Siku hizi naanza mwenyewe, "dada jana nilikunywa, na nina vidonda". Juzi mmoja kanijibu "sawa kaka, nikupe ngapi?" nikamuaga, nikaenda zangu kununua maji makubwa na chapati.