Gari letu wenyewe, beringi ya wenyewe

Wenye kiwanda cha magari wamekuja tena na tangazo la "gari letu wenyewe". Bendera ubavuni, muziki mzito, kamera inalizunguka gari taratibu kama linapimwa suti. Sawa, makofi tumepiga. Mimi ni mtu mstaarabu, nitauliza swali moja tu, tena kwa upole: beringi ya gurudumu la mbele ni ya nani?

Maana kitakachofuata tunakijua. Gari letu wenyewe linaanza kuvuma. Ukiongeza mwendo mvumo unapanda, ukikata kushoto unazidi. Fundi hahitaji kompyuta hapo: uzito umelalia kulia, beringi ya kulia ndiyo inayoaga. Mwenye gari anakwenda kwa muuza spea kifua mbele. Kiwanda si kipo hapahapa? Beringi itakosekanaje?

"Naomba beringi ya mbele, ya gari letu wenyewe."

"La mwaka gani, bosi?"

Anataja mwaka kwa fahari.

"La kabla ya mwezi wa sita au baada?"

Heshima inaanza kuvuja. Gari nalo lina mwezi? Lina, ndugu yangu. Kiwanda hubadilisha kipuri katikati ya mwaka na sura ya gari ikabaki ileile, kwa hiyo mwenye akili haendi dukani na rangi ya gari, anakwenda na namba ya chesisi, herufi na tarakimu zote 17. Humo hamna I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Ukiona umeandika O, umekosea, rudi ukasome upya. Mteja anarudi, anachungulia chini ya kioo cha mbele, anaandika kiganjani, jasho linafuta tarakimu mbili, anarudi tena.

"Yenye sumaku au isiyo na sumaku?"

Sasa hapo mtu mzima anaweza kulia. Lakini muuza spea hana kosa. Beringi nyingi za magari yenye ABS, breki zisizokwamisha gurudumu, zina utepe wa sumaku kwenye sili ya upande mmoja, na sensa, yaani kihisio, husoma utepe huo ili kujua gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Utepe lazima utazame sensa. Fundi akiigeuza beringi, gari litatembea vizuri tu, ila taa ya ABS itawaka hadi beringi itolewe tena, na ikishatolewa kwa presi haifai kurudishwa. Na wale wa nyundo, jamani, wekeni nyundo chini! Ikiingizwa kwenye nyumba yake, sukuma ringi ya nje peke yake. Ukisukuma ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinachimba njia zake, na mvumo unarudi kabla mteja hajasahau bili.

"Haya, yenye sumaku. Ipo?"

"Ipo. Iko melini."

"Melini? Gari si la hapa?"

"Gari la hapa, bosi. Beringi ya wenyewe."

Mteja anasimama. Anatazama rafu. Anatazama bendera ubavuni mwa gari. Bendera haina sumaku.

Tusidanganyane kuhusu hili neno "kutengeneza". Kuna kiwanda kinachopokea bodi imeshapakwa rangi na viti vimo ndani, chenyewe kinafunga injini, magurudumu na betri, kinapiga picha. Kuna kinachopokea mabati yakiwa vipande, kinachomelea, kinazamisha bodi kwenye dawa ya kuzuia kutu, kinapaka rangi na kuoka. Huyu wa pili walau amechafuka mikono. Lakini gari, ukihesabu hadi skrubu, ni vipuri 30,000 hivi, na hakuna nchi inayovitoa vyote. Mwaka 2011 tetemeko la Japani lilisimamisha kiwanda kimoja cha unga wa kung'arisha rangi kule Onahama, na kampuni kubwa za magari zikaanza kubana oda za baadhi ya rangi nyeusi na nyekundu. Rangi! Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilikatiza wayaringi, yale mafungu ya nyaya za umeme wa gari, mitambo ya magari ya Ujerumani ikasimama, kwa sababu wayaringi bado hufungwa kwa mikono na ya gari moja haiingii jingine.

Na ushuru nao una vituko vyake. Marekani, tangu 1964, inatoza asilimia 25 kwa magari madogo ya mizigo kutoka nje, ugomvi na Ulaya ulioanzia kwenye ushuru wa kuku. Basi Ford wakawa wanaleta vigari kutoka Uturuki vikiwa na viti vya nyuma, vihesabiwe vya abiria, vyenye ushuru mdogo. Vikishavuka forodha, viti vinang'olewa. Kiti kinavuka bahari ili king'olewe! Mwaka 2024 walikubali kulipa dola milioni 365.

Faida ya kiwanda cha nyumbani, kwangu mimi, haipo kwenye bendera. Ipo kwa mchonga kalibu, lile umbo la chuma la kukunjia bati. Bati ukilikunja, ukiliachia linajirudisha kidogo, kwa hiyo kalibu lazima ikunje kupita kiasi, na kiasi hicho hubadilika na unene na aina ya bati. Anayejua hilo leo anachonga boneti, kesho kasha la pampu, keshokutwa kitanda cha hospitali. Australia ilitoa Holden ya kwanza, gari lao wenyewe, 1948. Ford wakafunga 2016, Toyota na Holden Oktoba 2017. Magari hawajakosa, meli zinaleta. Vilivyokosa kazi ni viwanda vidogo vilivyokuwa vikilisha vile vikubwa.

Kwa hiyo mkitaka nipige makofi tena, anzeni na beringi. Au nati ya ekseli, ile ambayo kwenye magari mengi haifai kurudiwa, ukifungua unaweka mpya, na ilegezwe gurudumu likiwa bado chini, si gari likiwa juu ya jeki linatikisika. Au basi, tengenezeni spana namba 10. Sina hakika kama kuna nchi yoyote duniani yenye spana namba 10 za kutosha. Seti mpya, kisanduku hakijafunguliwa, namba 8 ipo, 9 ipo, 11 ambayo hata kazi yake hatuijui ipo inang'aa, halafu katikati kuna tundu.