Maiki Iliyouawa kwa Risasi

Sisi wapiga kinanda cha mdomo tuna ugonjwa mmoja. Mtu akishasikia jinsi Little Walter, yule mpiga hamonika wa bluzi wa Chicago, alivyokuwa akiikumbatia maiki pamoja na hamonika viganjani, amplifaya ikatoa sauti nene kama saksafoni yenye hasira, basi kwisha habari yake. Mimi sikulala miezi miwili.

Nilianza na maiki ya mwimbaji niliyokuwa nayo. Nikaiunga kwa waya wa kubabaisha, nikaichomeka kwenye amplifaya ya gitaa. Ikatoka sauti ya mbu aliyefungiwa chupani. Kumbe maiki za namna ile ukinzani wake ni mdogo, ohmu mia na kitu hivi, na umeme zinaoutoa ni kiduchu, wakati tundu la gitaa lina ukinzani wa kama ohmu milioni 1 na limezoea kupokea kitu chenye nguvu zaidi. Hapo katikati inatakiwa transfoma ndogo ya kupandisha volti. Mtu mwenye akili angenunua transfoma. Mimi nikanunua maiki nyingine.

Hiyo ya pili ilikuwa ya zamani, ya umbo la risasi butu, imejaa kiganjani kana kwamba ilifinyangwa kwa kunipima mimi. Ndani ilikuwa na kristali ya chumvi ya Rochelle, ndiyo inayogeuza sauti kuwa umeme. Ilinguruma vizuri hadi nikaona haya kuisikiliza mbele za watu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: haikuwa na kitufe cha sauti. Nikasema hilo dogo, nitakifunga mwenyewe. Fundi ni mimi.

Nikapasha chuma cha kulehemu, nikakigusisha kwenye mguu wa kristali, nikadondosha risasi, nikashikilia pale pale huku nikihesabu taratibu mpaka kumi ili ishike barabara. Sasa, chumvi ya Rochelle huharibika joto likipita kidogo nyuzi 50. Chuma changu kilikuwa kwenye 350. Nilipoichomeka, kimya. Nikapuliza. Nikagonga kwa ukucha. Nikaibembeleza. Maiki ya risasi imeuawa kwa risasi, na muuaji ndiye mfiwa.

Sikukata tamaa, na laiti ningekata. Nikaing'oa kapsuli, kile kidude cha ndani kinachonasa sauti, ya ile maiki ya mwimbaji, nikaitia ndani ya ganda la marehemu. Safari hii transfoma nilinunua. Nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ili hewa isivuje pembeni na kapsuli isigongane na chuma. Kitufe nacho nikakifunga. Nyumbani nilijaribu usiku, amplifaya nimeinyonga kwa kuwaogopa majirani, kitufe nimekiweka katikati. Sauti ikatoka. Nikaridhika. Sikukigeuza huku wala huku.

Onyesho likafika. Bendi watu wanne, ukumbi umejaa, amplifaya imefunguliwa kiume, nami nimesimama mbele yake kabisa, maiki imeitazama spika uso kwa uso. Wimbo wa kwanza haujafika kiitikio, maiki ikaanza mluzi.

Mpiga gitaa akanisogelea. "Kaka, punguza."

Nikakizungusha kitufe kushoto. Mluzi ukawa king'ora.

"Kaka, nimesema punguza!"

"Si ndiyo napunguza!"

"Unapunguza nini? Unaongeza!"

Nikakizungusha mpaka kikagota. Watu wa safu ya mbele wakaziba masikio. Mpiga ngoma akaacha fimbo zake, akainama nyuma ya amplifaya, akachomoa waya wa umeme ukutani. Lakini amplifaya ya vali ina pumzi: kapasita zake hubaki na umeme sekunde kadhaa. Kwa hiyo ile kelele haikukatika. Ilishuka polepole, ikakwaruza, ikakoroma, ikaguna mara ya mwisho ukumbi mzima ukiwa umenyamaza unaisikiliza ikikata roho.

Nililifungua ganda pale pale jukwaani kwa bisibisi ya kuazima. Kitufe kina miguu mitatu. Wa katikati nilikuwa nimeufunga sawasawa. Ile miwili ya pembeni nilikuwa nimeibadilishana, kwa hiyo kushoto kulikuwa kulia na kulia kulikuwa kushoto, na usiku ule wote kadiri nilivyohangaika kuinyamazisha maiki ndivyo nilivyokuwa nikiipandisha. Mpiga gitaa alichungulia juu ya bega langu, akaguna, akaenda zake kunywa maji.

Tulimalizia onyesho nikipigia kwenye maiki ya kusimama, kwa adabu, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilipokuwa nafungasha, mzee mmoja akaja kunipa mkono.

"Mwanangu, ule wimbo wa kwanza, pale mwisho palipolia halafu pakashuka shuka... ulitumia hamonika ya ufunguo gani?"

Nikatazama chini.

"Shikamoo mzee. Ya C."

"Marahaba. Nilijua tu," akasema, akamgeukia mwenzake. "Si nilikwambia ni C?"